Nani Alipwe Kwanza Benki Ikianguka: Sheria ya Dharura ya Iceland Mbele ya Katiba

Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba 2008, Bunge la Iceland lilipokea muswada, likausoma mara zote zinazotakiwa na kuupitisha kabla ya usiku wa manane. Mchana wa siku hiyohiyo Waziri Mkuu Geir Haarde alikuwa amewahutubia wananchi kwa televisheni, akawaeleza kwamba benki kubwa za nchi zimefikia hali inayoweza kuizamisha nchi nzima pamoja nazo, na akafunga hotuba kwa kumwomba Mungu aibariki Iceland. Siku iliyofuata mamlaka ya usimamizi wa fedha iliitwaa benki ya Landsbanki na ile ya Glitnir. Tarehe 9 ikaitwaa Kaupthing. Rasilimali za benki hizo tatu kwa pamoja zilikuwa takriban mara kumi ya pato la mwaka la taifa lenye watu wapatao 320,000, kwa hiyo habari ya serikali kuziokoa kwa fedha za walipakodi haikuwa hata ya kujadiliwa.

Sheria hiyo, Na. 125 ya mwaka 2008, hujulikana huko kwa jina la Sheria ya Dharura. Ilikuwa na mengi ndani yake, lakini kilicholeta kesi ni kifungu cha 6, chenye maneno machache mno kwa uzito wake: mali za benki iliyofilisika zitakapogawanywa, madai ya amana yatakuwa na kipaumbele. Kwa maneno hayo wenye amana walipandishwa daraja, na wote waliokuwa wameikopesha benki kwa njia nyingine, hasa wenye hatifungani, yaani karatasi za mkopo ambazo benki iliwauzia wawekezaji, na benki za nje, wakajikuta nyuma yao. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Iceland ililazimika kujibu swali ambalo linaonekana jepesi mpaka mtu aanze kulijibu: je, Bunge linaweza kubadilisha zamu za wadai kwa benki iliyokwisha kukopa, bila kuvunja Katiba inayolinda mali ya kila mtu?

Anayeijua mirathi ya Kiislamu hatapata taabu kulielewa jambo la zamu. Mtu akifa, mali aliyoacha haigawanywi ovyo: hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, na warithi huja mwisho kuchukua kilichobaki. Ufilisi wa kampuni hufuata mantiki hiyohiyo. Mwenye dhamana mahsusi, kama rehani ya jengo, huchukua thamani ya dhamana yake. Zinafuata gharama za kuendesha ufilisi na madai ambayo sheria imeyapa kipaumbele, mara nyingi mishahara ya wafanyakazi. Kisha wadai wa kawaida, ambao hugawana kilichopo kwa uwiano wa madai yao. Nyuma yao wapo waliokubali tangu mwanzo kulipwa mwisho, na mkiani kabisa wenye hisa. Mali zingetosha, zamu isingekuwa na maana yoyote. Zamu ni mali pale tu mali nyingine zinapopungua.

Tuchukue benki ya mfano. Ina mali za shilingi bilioni 60, inadaiwa amana za bilioni 50 na hatifungani za bilioni 50. Wote wakiwa wadai wa kawaida, kila mmoja atapata senti 60 kwa kila shilingi anayodai. Sasa Bunge liandike kwamba amana zitangulie. Wenye amana watachukua bilioni 50 zao zote, na bilioni 10 zitakazobaki zitagawanywa kwa wenye hatifungani, ambao watapata senti 20 kwa kila shilingi. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza hata senti moja katika mali za benki, hakuna deni lililofutwa, na hatifungani bado zinadai bilioni 50 kama zilivyodai jana. Hata hivyo bilioni 20 zimehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Mgogoro wote wa kikatiba umo humo: ni nini hasa kilichochukuliwa, ikiwa kila mdai bado anashika karatasi ileile yenye kiasi kilekile?

Kabla ya kulijibu, inafaa tuondoe kivuli ambacho lugha yetu wenyewe inakiweka juu ya jambo hili. Neno amana kwa Mswahili lina maana ya kitu ulichokabidhiwa ukitunze na ukirudishe chenyewe. Anayekitumia kwa shughuli zake amekula amana, na hilo ni kosa la aibu. Sheria ya benki haiitazami hivyo. Fedha unayoiweka benki inakuwa ya benki, nayo huitumia ipendavyo, nawe unabaki na dai la kulipwa kiasi kama hicho. Kwa maana hiyo mwenye akaunti ni mkopeshaji, hata kama hajawahi kujiona hivyo siku moja. Waiceland wamelisema wazi zaidi kuliko sisi, maana neno lao la amana ya benki, innlán, limeundwa kwa maneno mawili yenye maana ya mkopo uingiao ndani. Ndiyo sababu, kabla ya Oktoba 2008, sheria yao ya ufilisi ya mwaka 1991 haikuona haja ya kumtenga mwenye akaunti na mwenye hatifungani. Wote wawili waliangukia kifungu cha 113, cha madai ya kawaida. Sheria ya Dharura ilimhamisha wa kwanza hadi kifungu cha 112, pamoja na wafanyakazi wanaodai mishahara, na wa pili ikamwacha palepale.

Nani alinufaika? Wengi hudhani ni Waiceland wenyewe, na hapo ndipo mambo yanapochanganywa mara kwa mara. Amana za ndani ya nchi zilihamishiwa benki mpya zilizoundwa na serikali siku chache baada ya benki za zamani kutwaliwa, kwa hiyo wenye akaunti wa Reykjavík hawakuhitaji kusubiri mgao wa ufilisi. Waliobaki katika benki ya zamani ni wateja wa matawi ya nje, na kubwa kuliko yote ilikuwa Icesave, akaunti ya akiba ya mtandaoni ambayo Landsbanki ilianza kuiuza Uingereza mwaka 2006 na Uholanzi Mei 2008, kwa riba iliyowavutia watu zaidi ya laki tatu. Kwa kuwa yalikuwa matawi tu, wala hayakuwa kampuni zilizosajiliwa katika nchi hizo, bima ya amana iliyohusika kwanza ilikuwa ile ya Iceland, ambayo mfuko wake ulikuwa mdogo kupita kiasi kwa mzigo huo. Serikali ya Uingereza, ambayo tarehe 8 Oktoba ilizizuia mali za Landsbanki kwa kutumia sheria ya mwaka 2001 iliyotungwa dhidi ya ugaidi, iliamua pamoja na ile ya Uholanzi kuwalipa wateja wa nchi zao na kisha kuchukua madai yao dhidi ya benki iliyoanguka.

Kwa hiyo kipaumbele cha amana, kilichopitishwa na Bunge la Iceland kwa hofu ya Iceland, kiliwanufaisha zaidi mfuko wa bima ya amana wa Uingereza na Benki Kuu ya Uholanzi. Inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba Waiceland hao hao, katika kura mbili za maoni za Machi 2010 na Aprili 2011, walikataa serikali yao iidhinishe makubaliano ya kuwadhamini Waingereza na Waholanzi hao kwa deni la Icesave. Walichokikataa kwa kura, sheria yao wenyewe ilikuwa imekwisha kukilipa kwa sehemu kubwa kutoka mfuko wa mtu mwingine, yaani wenye hatifungani.

Wenye hatifungani nao hawakukaa kimya. Katiba ya Iceland ya mwaka 1944, katika kifungu cha 72, inasema kwamba haki ya kumiliki mali haikiukwi, na kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuiacha mali yake isipokuwa manufaa ya umma yakitaka hivyo, kwa mujibu wa sheria, na kwa kulipwa fidia kamili. Kifungu cha 65 kinaamuru watu wote wawe sawa mbele ya sheria. Juu ya hayo kuna Itifaki ya Kwanza ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda mali kwa namna inayofanana. Hoja za wadai zilijengwa juu ya nguzo hizo. Walisema dai la fedha ni mali. Kwamba walipoikopesha benki walitegemea sheria ya 1991 iliyowaweka sawa na wenye amana, na bei ya mkopo wao ilipangwa kwa hesabu hiyo. Kwamba sheria mpya imerudi nyuma kuharibu mikataba iliyokwisha kufungwa. Na kwamba wanaopewa faida hawahitaji kuokolewa, kwa sababu mwenye akaunti wa London au Amsterdam alikwisha kulipwa, na anayesimama katika zamu yake sasa ni serikali tajiri.

Hoja ya fidia ndiyo iliyokuwa na makali. Kama kushushwa zamu ni kunyang'anywa mali kwa maana ya kifungu cha 72, basi fidia kamili ilipaswa kulipwa, na mlipaji angekuwa hazina ya taifa. Lakini fidia hiyo ingekuwa sawasawa na kiasi kilichohama kwenda kwa wenye amana. Sheria iliyotungwa kwa sababu serikali haiwezi kuzilipia benki ingegeuka kuwa njia ndefu ya serikali kuzilipia benki. Kwa hiyo hapakuwa na jibu la katikati: ama huku ni kunyang'anya na sheria inaanguka, ama ni kuwekewa mpaka wa jumla katika haki ya mali, mpaka ambao Bunge linaweza kuuweka bila kulipa endapo lina sababu nzito na halikuvuka kiasi.

Mahakama ya Juu ilitoa hukumu tarehe 28 Oktoba 2011, katika mfululizo wa kesi zilizosikilizwa pamoja, na jaji mmoja akitofautiana na wenzake. Walio wengi walikubali jambo la kwanza bila taabu: madai ya wadai ni mali na Katiba inayalinda. Walikubali pia kwamba sheria mpya iliwaumiza waliosukumwa nyuma. Kisha wakapima kile kilichokuwa kikitokea wiki ile. Mfumo wa benki wa nchi ulikuwa ukiporomoka, hatari ya watu kuzikimbilia benki kutoa fedha zao ilikuwa mlangoni, na imani ya wenye akaunti ilikuwa ndiyo uzi wa mwisho uliobaki. Katika hali ya namna hiyo, waliona, Bunge lazima lipewe nafasi pana ya kuchagua njia, na mahakama haitakaa miaka mitatu baadaye kutafuta njia nyingine ambayo labda ingekuwa nafuu zaidi. Walizingatia pia kwamba sheria iliwagusa kwa usawa wote waliokuwa katika kundi moja la wadai, na kwamba hakuna aliyekuwa na matarajio halali kwamba mpangilio wa vipaumbele katika ufilisi hautabadilishwa kamwe.

Hoja hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kwa maoni yangu ndiyo inayobeba jengo lote, na dharura imejengewa juu yake. Mkopeshaji ana vitu viwili vinavyofanana kwa macho lakini vina nasaba tofauti. Cha kwanza ni dai lake dhidi ya mdeni, linalotokana na mkataba wao wawili. Cha pili ni nafasi yake dhidi ya wadai wenzake, ambao hajafunga nao mkataba wowote, na nafasi hiyo haitokani na mdeni. Inatokana na sheria ya ufilisi, tena haizaliwi mpaka ufilisi wenyewe uje. Kabla ya hapo ni kama zamu katika foleni ambayo bado haijapangwa. Sheria ya Iceland ilipitishwa tarehe 6. Landsbanki ilitwaliwa tarehe 7. Foleni ilipopangwa, kanuni mpya ilikuwa tayari inatawala.

Msomaji mkali atasema kwamba hiyo ni hila ya kalenda: waliotunga sheria usiku ule walijua fika kitakachotokea asubuhi, na usiku mmoja hauwezi kugeuza dhuluma kuwa haki. Pingamizi hilo lina uzito, nami siamini kwamba tarehe peke yake ingetosha kuiokoa sheria ile. Lakini mpaka huo wa tarehe haukubuniwa Reykjavík. Bunge la Marekani lilipowapa wenye amana kipaumbele dhidi ya wadai wa kawaida wa benki zote zenye bima ya amana, kwa sheria ya bajeti iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 1993, liliandika kwamba kanuni hiyo itahusu benki zitakazowekewa mfilisi baada ya siku hiyo, bila kujali mkopo ulitolewa lini. Ujerumani ilipoamua kuzishusha hatifungani za kawaida za benki zake nyuma ya wadai wengine wa kawaida, ilitumia mlango uleule: kesi za ufilisi zitakazofunguliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2017, zikiwemo zinazohusu hatifungani zilizouzwa zamani. Nchi tatu zenye mila tofauti za sheria, na zote zimechora mstari mahali pamoja, katika siku ya ufilisi, zikaacha siku ya mkopo nje ya hesabu.

Upande mwingine wa mstari huo una mifano yake. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya benki ya ardhi ya Louisville, iliitengua sheria ya shirikisho iliyotungwa kuwasaidia wakulima waliozidiwa na madeni, kwa kuwa ilimwondolea mwenye rehani haki alizokuwa nazo juu ya shamba mahsusi. Nchi ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, huruma kwa wakulima ilikuwa kubwa, na bado sheria ilianguka. Rehani imefungwa kwenye kitu chenyewe tangu siku ya mkataba, na mwenye nayo hasubiri foleni ipangwe ili ajue alichonacho. Mwenye hatifungani isiyo na dhamana hana kitu cha namna hiyo cha kuonyesha. Sheria ya Dharura ya Iceland haikumgusa mwenye dhamana, na nadhani kama ingemgusa, hukumu ingekuwa nyingine.

Marekani inatoa funzo jingine lililosahaulika, nalo linahusu nani mwenye mamlaka ya kupanga zamu. Jimbo la New York lilikuwa na sheria iliyozipa benki za akiba kipaumbele kwa fedha zao zilizowekwa katika benki nyingine iliyoanguka. Benki ya taifa ya mji wa Elmira, yaani benki iliyosajiliwa kwa sheria ya shirikisho, ilipoanguka, benki ya akiba ya mji huohuo ikadai ilipwe kwanza. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilikataa, kwa kuwa sheria ya shirikisho kuhusu benki za taifa iliamuru mgao wa uwiano kwa wadai wote, na jimbo halina uwezo wa kuipindua. Hapo haki ya mali haikutajwa kuwa ndiyo kiini. Kiini kilikuwa mgawanyo wa madaraka. Anayeuliza kama kipaumbele fulani ni halali kikatiba inambidi aulize kwanza ni Bunge gani lililokitoa, hasa katika nchi zenye ngazi mbili za serikali.

Tukirudi Iceland, kuna mahali ambapo hukumu ya 2011 hainiridhishi. Ni pale palipohusu usawa. Sababu ya kumtanguliza mwenye amana ni kwamba yeye ni mtu wa kawaida, hana njia ya kuikagua benki, na akitishika atakimbia na wenzake watamfuata. Lakini miongoni mwa waliodai kipaumbele walikuwemo mamlaka za serikali za mitaa za Uingereza, zaidi ya mia moja kwa jumla, zilizokuwa zimeweka fedha zao za ziada katika benki za Iceland kwa vipindi maalumu na kwa riba ya soko, nyingi zikipitia madalali. Wenye hatifungani walisema kwamba hiyo ni mikopo ya soko la fedha iliyovalishwa jina la amana. Mahakama ikatazama maana ya amana katika sheria na kukuta kwamba fedha hizo zinaingia humo, kwa hiyo halmashauri nazo zikapanda daraja. Kisheria ni sahihi. Lakini mweka hazina wa halmashauri anayepanga fedha za mamilioni kupitia dalali anafanana zaidi na meneja wa mfuko aliyenunua hatifungani kuliko na mstaafu aliyefungua akaunti ya Icesave sebuleni kwake, na sababu iliyomwokoa mstaafu haikumfaa yeye hata kidogo. Kinachoweza kusemwa kwa kuitetea Mahakama ni kwamba benki inapoanguka hakuna muda wa kuwachuja wenye amana mmoja mmoja, na kundi lenye mpaka unaoonekana, hata kama limewabeba wasiostahili, ni salama zaidi kikatiba kuliko kundi lililochongwa kwa kuwatazama watu usoni.

Uraia haukutazamwa, na hilo liliisaidia sana sheria. Kipaumbele kilikuwa cha amana zote za benki, za Reykjavík na za Manchester sawasawa. Sheria ya Marekani ya 1993 haikuwa na ukarimu huo, maana amana zinazolipwa katika matawi ya nje peke yake zilibaki nje ya kipaumbele. Iceland ingefanya vivyo hivyo, mfuko wa bima wa Uingereza ungejikuta pamoja na wenye hatifungani, na kesi ingebadilika kuwa ya ubaguzi wa kitaifa ndani ya soko la pamoja la Ulaya. Ubaguzi uliolalamikiwa baadaye ulikuwa wa jambo tofauti, nalo ni kuhamishwa kwa amana za ndani kwenda benki mpya huku za nje zikiachwa, pamoja na kushindwa kwa mfuko wa bima kulipa kiwango cha chini cha euro 20,000. Kesi hiyo ilikwenda Mahakama ya EFTA, umoja wa biashara huria wa Ulaya ambao Iceland ni mwanachama, ambayo tarehe 28 Januari 2013 iliyatupa madai dhidi ya Iceland. Hukumu hizo mbili hutajwa pamoja kana kwamba ni moja, ilhali moja iliamua nani atangulie katika mgao wa mali za benki, na nyingine iliamua kama dola inawajibika mfuko wa bima ukikauka.

Ili kuona jinsi sheria ya Iceland ilivyopita karibu na ukingo, iwekwe kando ya ile ya Austria. Mwaka 2014 Bunge la Austria, likipambana na benki ya Hypo Alpe Adria, lilipitisha sheria iliyoyafuta kabisa madai ya wadai wa daraja la chini pamoja na dhamana, yaani ahadi ya kulipa benki ikishindwa, ambayo jimbo la Carinthia lilikuwa limeitoa kwa madai hayo. Waliogawanywa walikuwa wadai wa daraja moja: ambao madai yao yangeiva kabla ya mwisho wa Juni 2019 walifutiwa, na wa baada ya hapo hawakuguswa. Julai 2015 Mahakama ya Katiba iliitengua sheria yote. Haikusema kwamba wadai hawawezi kubebeshwa hasara ya benki. Ilisema kwamba kuwatenganisha watu walio katika hali moja kwa tarehe ya kuiva kwa deni hakuna msingi, na kwamba dhamana iliyotolewa kwa sheria ya jimbo haiwezi kugeuzwa hewa kwa sheria nyingine. Iceland ilisogeza zamu. Austria ilichana karatasi, tena karatasi za baadhi ya watu tu.

Upo pia upande wa utaratibu, ambao huwa hausemwi mpaka mtu anyimwe. Slovenia ilifuta hisa na hatifungani za daraja la chini za benki kadhaa mwaka 2013 na 2014. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia hatiani kwa sababu wenye mali hizo hawakupewa njia ya kweli ya kuupinga uamuzi ule mbele ya mahakama. Wadai wa Landsbanki walishindwa, lakini walishindwa mbele ya majaji, baada ya kusikilizwa katika ngazi mbili.

Fedha zenyewe zilikwenda polepole. Mgao wa kwanza kwa madai ya kipaumbele ya Landsbanki ulitoka Desemba 2011, wiki chache baada ya hukumu, na wa mwisho ulilipwa Januari 2016, ambapo madai hayo yalikamilika yote, pamoja na yale yaliyokuwa yamechukuliwa na Uingereza na Uholanzi. Wenye hatifungani walibaki na mabaki. Tangu mwaka 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya imewapa kipaumbele watu binafsi na biashara ndogo kwa amana zao katika nchi zote wanachama, kwa hiyo anayenunua hatifungani ya benki huko leo anaijua nafasi yake tangu siku ya kwanza, na riba anayodai inapangwa kwa kuijua. Aprili 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza amana zote bila kujali mwenyewe, zikiwemo za makampuni makubwa na za serikali za mitaa, ziingizwe katika kipaumbele dhidi ya wadai wa kawaida. Na hapo hoja ya mweka hazina wa halmashauri, iliyopita mlango wa nyuma Reykjavík, ilirudi mezani mchana kweupe.